Stendi ya Kompyuta Haivunjiki kwa Siku Moja

Kitu cha mbao au cha chuma kikivunjika, neno la kwanza tulisemalo ni "ghafla". Kiti kimevunjika ghafla, kitanda kimekatika ghafla, mpini wa jembe umeng'oka ghafla. Neno hili hutupumzisha, kwa maana jambo litokealo ghafla halina wa kuulizwa. Mara nyingine, walakini, hufanya kinyume chake: humkamata mtu aliyekuwa karibu, likamtwika mzigo wote peke yake. Katika makala haya napenda kueleza habari za stendi ya kompyuta ya mezani: kwa nini huvunjika, yapasayo kufanywa katika dakika zile za kwanza, jinsi ya kuitengeneza, na jinsi ya kuigundua kabla haijaanguka. Nitaeleza kwa maneno mepesi, ili mdogo wetu wa kidato cha kwanza afahamu, na mzazi aliyeko Pangani, Muheza au Mkinga naye afahamu.

Mimi ni kiranja wa chumba cha kompyuta. Kazi yangu ni kufungua mlango, kuhesabu vifaa, na kuandika katika daftari kila kilichoharibika. Chumba chetu kina kompyuta 18, na wanafunzi watatu huketi mbele ya skrini moja. Basi stendi moja ikianguka, wanaokosa somo ni watatu kila kipindi, kutwa nzima. Tena tukumbuke kwamba vyombo hivi havikufika kwetu kwa urahisi. Kompyuta ya kwanza nchini ililetwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha. Mwaka 1974 serikali ikazuia kompyuta zisiingizwe, na miaka mingi ikapita kabla mlango haujafunguliwa tena. Leo zimefika hata shuleni, nasi yatupasa kuzitunza.

Lililotokea

Muhula uliopita, mvua za masika zikiwa zimekolea, stendi moja iliyo karibu na dirisha ilianguka katikati ya kipindi. Ilikuwa stendi ya kununuliwa: ubao wa mgongo uliosimama juu ya miguu ya chuma, ubao wa juu uliotokeza mbele kama kibaraza, na ubao wa chini wa kuwekea sanduku la kompyuta. Ule ubao wa juu ulishikwa na mgongo kwa vyuma viwili vilivyopindwa kama herufi L, kimoja kulia na kimoja kushoto. Chuma cha kulia kilikatika penye kona, skurubu za kushoto zikachomoka, ubao ukainama, skrini ikateleza mpaka sakafuni, na kibodi ikaifuata. Sanduku la kompyuta, kwa bahati njema, lilibaki mahali pake.

Aliyekuwa ameketi hapo ni mwenzetu mmoja wa kidato cha pili. Hakuumia, ila alishikwa na hofu, na hofu ikazidi alipowasikia watu wakisema, "Ndiye aliyeivunja." Mnayajua mambo ya shuleni. Kufika jioni habari ilikuwa imekwisha kuvimba: huyu alisema mtoto aliipanda stendi, yule alisema aliipiga teke. Ikanenwa kwamba mzazi wake aandikiwe barua, aje alipe. Mama yake ni mchuuzi wa samaki, na bei ya skrini si fedha ya samaki wa siku moja.

Mwalimu wetu wa kompyuta hakukubali kuandika barua siku ile. Alisema kitu kilichovunjika kitazamwe kwanza, ndipo watu waulizwe. Akaniagiza nikusanye vipande vyote, hata skurubu, nivifunge katika gazeti, niende navyo kwa fundi.

Ufa wenye rangi mbili

Nilikwenda Ngamiani kwa seremala mmoja mzee, ambaye amekuwa akitengeneza vitanda na milango tangu mimi sijazaliwa. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, akavaa miwani yake, akavitandaza vile vipande juu ya meza. Hakuniuliza nani alikuwa ameketi. Alikitwaa kile chuma kilichokatika, akakielekeza penye mwanga, akasema, "Mwanangu, tazama hapa penye mkato. Waona rangi ngapi?"

Niliona rangi mbili. Upande wa nje wa kona, ule ulioegemea ubao, mkato ulikuwa wa kahawia iliyoiva, una kutu na vumbi lililogandamana. Upande wa ndani ulikuwa wa kijivu, safi, unametameta. Ukipima kwa macho, ile kahawia ilikuwa kama theluthi mbili, na ile safi theluthi moja.

"Kutu nene namna hii haishiki kwa saa moja," fundi akaniambia. "Hapa penye kutu palipasuka zamani, na hewa na maji yakapata kuingia. Hapa panapong'aa ndipo palipokatika juzi. Huyo mtoto wenu amekuta theluthi moja tu ndiyo iliyobaki, naye hakuwa na habari."

Kisha akakwaruza kwa ukucha tundu moja la skurubu katika kipande cha ubao. Ubao ukatoka unga kama muhogo mkavu. "Na hapa," akasema, "skurubu ilikuwa imeshika unga."

Niliporudi nilimweleza mwalimu, naye akavichukua vipande hivyo mpaka darasani kwa kidato cha pili, kila mwanafunzi akavitazama kwa macho yake. Barua haikuandikwa.

Nimeeleza habari hii kwa kirefu kwa sababu ndani yake mna kanuni ifaayo kukumbukwa na kila mtu. Chuma kilichokatika mara moja kwa nguvu kubwa huwa na mkato mpya, wa rangi moja. Chuma kilichokuwa kikikatika kidogo kidogo mara nyingi huwa na sehemu ya zamani na sehemu mpya. Kwa hiyo vipande vya kitu kilichovunjika si takataka. Ni mashahidi, tena mashahidi wasiosema uongo. Anayevifagia na kuvitupa kabla havijatazamwa amewafukuza mashahidi, akabaki na uvumi.

Chuma huchoka

Huenda msomaji akauliza: chuma kinawezaje kupasuka kidogo kidogo, na hali mzigo wake ni ule ule kila siku? Jibu lake ni kwamba chuma huchoka. Chukua waya laini uukunje mara moja: haukatiki. Uukunje na kuukunjua mara nyingi mahali pale pale: utakatika mkononi mwako, ijapokuwa nguvu yako haikuongezeka hata kidogo. Kila ukunjapo, ufa mdogo usioonekana kwa macho hufunguka na kuzidi urefu. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Hata chuma nacho huisha vivyo hivyo.

Wataalamu walijifunza jambo hili kwa msiba. Mwaka 1842, katika njia ya reli kati ya Versailles na Paris huko Ufaransa, ekseli ya injini ilikatika na watu wengi wakafa. Katika miaka iliyofuata wahandisi wakaanza kuzichunguza ekseli, na Mjerumani mmoja, August Wöhler, akaonyesha kwa majaribio mengi kwamba mzigo usioweza kukata chuma kwa mara moja waweza kukikata ukirudiwa mara nyingi. Hii ndiyo sababu katika nchi nyingi watu wa reli walikuwa wakipita kituoni na nyundo, wakigonga magurudumu na kusikiliza mlio. Gurudumu zima hulia kama kengele, na lenye ufa hutoa sauti iliyokufa.

Msiba mwingine ulipita karibu na kwetu. Ndege iitwayo Comet, iliyoundwa Uingereza na kampuni ya de Havilland, ndiyo ndege ya kwanza ya jeti iliyochukua abiria kwa safari za kawaida. Tarehe 2 Mei 1952 ilianza safari za kutoka London kwenda Johannesburg, na kimojawapo cha vituo vyake kilikuwa Entebbe, Uganda. Tarehe 10 Januari 1954 ndege ile ile iliyofungua safari hizo ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, Italia, wakafa watu 35. Tarehe 8 Aprili mwaka ule ule nyingine ikaanguka baharini karibu na Naples, wakafa watu 21. Wataalamu waliitia ndege nyingine ya namna hiyo katika tangi kubwa la maji huko Farnborough, wakawa wanaongeza na kupunguza shinikizo ndani yake, kama itokeavyo ndege ipandapo na kushuka. Ukijumlisha na safari ilizokuwa imekwisha kuruka, ilipofika zaidi ya mara 3,000 ikapasuka, na ufa ukaonekana kuwa umeanzia penye pembe ya tundu lililokatwa katika mwili wake.

Angalia neno hilo: pembe. Nguvu hupenda kukusanyika penye kona, penye tundu, na penye mkwaruzo. Chuma chetu nacho kilikatika penye kona. Kila mwanafunzi aliyeegemea stendi, kila aliyeitikisa alipoinuka, alikikunja kile chuma kiasi kidogo sana. Hakuna mmoja wao aliyeivunja, na wote pamoja waliivunja.

Kiwiko cha kilo 10 na hesabu yake

Skrini bapa za siku hizi zina uzito wa kilo 3 hadi 5 hivi. Zile za zamani zenye mgongo mkubwa, za inchi 17, hufika kilo 15 na kuzidi. Mtu aweza kusema, ubao mzima washindwaje na kilo 5? Taabu haiko katika uzito peke yake, bali katika uzito pamoja na umbali.

Tuchukue stendi yetu. Ubao wa juu unatokeza mbele sm 40 kutoka penye mgongo. Mwanafunzi anaegemeza kiwiko penye ukingo wa mbele, naye anatia uzito wa kilo 10. Zidisha 10 kwa 40, unapata 400. Nguvu hiyo ya kuzungusha sharti izuiwe na skurubu za juu za vile vyuma, ambazo zipo umbali wa sm 5 tu kutoka ncha ya chini ya chuma, mahali panapofanya kazi ya egemeo. Gawanya 400 kwa 5, unapata 80. Basi kilo 10 za kiwiko zimegeuka kuwa mvuto wa kilo 80 penye skurubu. Na vyuma viwili vikigawana sawasawa, kila kimoja kinavutwa kwa kilo 40. Ni kazi ya mtaimbo: fundi hung'oa jiwe kubwa kwa nguvu ndogo kwa kuwa mtaimbo ni mrefu. Nasi, pasipo kukusudia, tulikuwa tunang'oa skurubu zetu kwa mtaimbo wa sm 40.

Mvua, chumvi na ubao wa chenga

Stendi nyingi za kununuliwa hazikufanywa kwa mbao za miti iliyopasuliwa, bali kwa chenga za mbao zilizochanganywa na gundi, zikashindiliwa kwa joto, kisha zikafunikwa ngozi nyembamba yenye kung'aa. Ubao huo ni rahisi, umenyooka, wapendeza macho. Tena mahali pakavu wafanya kazi vizuri. Adui yake ni maji. Maji yakiingia penye ukingo usiofunikwa, au katika tundu la skurubu, chenga huvimba na gundi hulegea. Hata ukikauka tena, ubao huo haurudii unene wake wa kwanza wala nguvu zake. Skurubu iliyokuwa imebana hubaki imesimama katika unga.

Sisi wa Tanga twaishi kando ya bahari. Masika hutujia mwezi Machi hadi Mei, na vuli mwezi Oktoba hadi Desemba. Na hata pasipo mvua hewa yetu ina unyevu. Tena upepo wa baharini huleta chumvi, na chumvi huharakisha kutu. Kwa hiyo stendi iwezayo kudumu miaka mingi Dodoma yaweza kuchoka mapema hapa kwetu, hasa ikiwekwa karibu na dirisha lisilofungika vizuri. Ile yetu ilipata yote mawili: maji ya dirishani yaliulegeza ubao, na kutu iliuingia ufa wa chuma.

Dakika za kwanza

Yafuatayo ni mambo yafaayo kufanywa mara stendi ianguapo. Nimeyapanga kwa utaratibu wake, kwa maana hapa haraka pasipo mpango huleta hasara ya pili iliyo kubwa kuliko ya kwanza.

1. Watu kwanza. Usijaribu kuidaka skrini inayoanguka. Skrini hununuliwa, mkono haununuliwi. Wenye kuketi karibu waondoke kwanza, kisha mwalimu aitwe.

2. Zima umeme ukutani, usishike chombo kilichoanguka. Umeme wetu ni wa volti 230, nao waua. Ikiwa waya umechubuka au umekatika, au sakafu ina maji, usiuguse hata plagi. Mwalimu azime swichi kuu ya chumba.

3. Lichunguze sanduku la kompyuta. Ikiwa limebaki imara mahali pake, na nyaya zake ni nzima, mwalimu aweza kuamua lizimwe kwa utaratibu. Ikiwa limeanguka, lisiwashwe tena kwa kujaribu. Katika kompyuta nyingi mna diski izungukayo mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kisomeo chake huelea juu ya diski kwa nafasi ndogo mno, ndogo kuliko unene wa unywele. Kikigusa diski, huikwaruza. Na kila uwashapo tena, mkwaruzo huzidi. Kazi zilizomo huenda zikaokolewa na fundi, mradi wewe usiziharibu kwa kuwashawasha.

4. Vipande vya kioo viondolewe kwa fagio na kizoleo, si kwa vidole. Skrini bapa ikipasuka na kutoa majimaji, usiyaguse. Yakikugusa, nawa kwa maji na sabuni. Skrini ya zamani yenye mgongo isifunguliwe kabisa na mtu asiye fundi wake, kwa sababu ndani yake hubaki umeme wa maelfu ya volti hata baada ya kuchomolewa.

5. Chomoa nyaya zote kabla ya kuinua kitu. Skrini inuliwe kwa mikono miwili, ishikwe kwenye fremu zake, ilazwe juu ya kanga au shuka iliyokunjwa mahali pasipopitwa na watu.

6. Kusanya vipande vyote vya stendi, uviandike katika daftari: siku, saa, mahali vilipoanguka. Nimekwisha kueleza sababu yake.

Kuitengeneza

Kosa la kawaida ni kuirudishia skurubu katika tundu lile lile, au kuijaza tundu hilo vijiti vya kiberiti na kufurahi kwamba imeshika. Itashika kwa wiki chache tu. Fundi wetu alinifundisha njia zifuatazo.

Kwanza, mahali pa skurubu watia bolti, ipite upande huu mpaka upande wa pili, na kila upande uwe na wosha pana. Skurubu hutegemea nyama ya ubao iliyo karibu nayo; bolti yenye wosha huukumbatia ubao mzima. Tundu lisitobolewe karibu sana na ukingo.

Pili, uongeze mguu. Hesabu ya kupinda ina jambo la kustaajabisha. Mzigo ukiwekwa katikati ya ubao ulioegemea ncha mbili, kisha ukapunguza nafasi kati ya maegemeo kwa nusu, kupinda kwake hakupungui mara mbili, bali mara nane. Vivyo hivyo ukiongeza unene wa ubao mara mbili, kupinda hupungua mara nane. Kwa hiyo mguu mmoja wa katikati, au ubao mwembamba uliosimamishwa kwa ukingo chini ya meza, waweza kufanya kazi kuliko skurubu ishirini.

Tatu, uchague mti. Kwa miguu na mihimili, mtiki, ambao wengine huuita msaji, hustahimili unyevu na mchwa. Upo shamba la serikali la Longuza, wilayani Muheza, hautoki mbali. Mbao za msindano kutoka milima ya Usambara ni nyepesi na rahisi kidogo, nazo zafaa zikitiwa dawa na kupakwa rangi. Hata ukitumia ubao wa chenga, kingo zake zote zipakwe rangi au vanishi, na matundu pia, ili maji yasipate mlango.

Ikiwa kilichovunjika ni mguu wa skrini yenyewe, usiitupe skrini. Tazama mgongoni mwake: skrini nyingi zina matundu manne yaliyopangwa kwa mraba, yakiwa yameachana milimita 75 au milimita 100. Ni kipimo kilichokubaliwa na watengenezaji wengi wa dunia, na skurubu zake ni za unene wa milimita 4. Seremala aweza kutoboa ubao kwa kipimo hicho, akaufunga mgongoni mwa skrini, kisha akaupandisha juu ya kitako kipana cha mbao. Mambo mawili tu yaangaliwe: skurubu isiwe ndefu ikatoboa vilivyomo ndani, na kitako kiwe kipana cha kutosha mbele na nyuma, ili skrini ikisukumwa kidogo isipinduke.

Stendi yetu fundi aliitengeneza kwa njia fupi. Alitoa ubao wa juu ulioharibika, akaweka mpya, akaupigia miguu miwili ya mtiki upande wa mbele. Kwa miguu hiyo akaiondoa hesabu yote ya mtaimbo niliyoieleza. Sasa ni meza, wala si kibaraza. Stendi nyingine tano za namna ile ile nazo zilipokaguliwa, mbili zilikutwa zina ufa katika vyuma vyake, zikaongezewa miguu kabla hazijaanguka. Hizo mbili ndizo faida kubwa kuliko ile moja.

Kazi ya mikono na kazi ya akili

Wako wenzetu wadhanio kwamba maarifa ya kompyuta ni maarifa ya mikono safi, na useremala ni kazi ya wasiosoma. Historia ya mji wetu haikubali hivyo. Shule ya serikali ya Tanga, wakati wa Wajerumani, ilifundisha kusoma na kuandika pamoja na kazi za mikono, na katika kiwanda chake cha chapa, tangu mwaka 1904, lilipigwa chapa gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi. Maneno yaliandikwa kwa akili, na herufi za risasi zilipangwa kwa vidole. Kompyuta yetu nayo ni hivyo: programu zake zikiwa za ajabu namna gani, zimesimama juu ya ubao, na ubao umesimama juu ya ujuzi wa mtu mwenye randa na patasi.

Tuigundue mapema

Basi kuanzia muhula huu, kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, tunakagua stendi zote 18. Kazi hii haihitaji chombo cha thamani, nami naiandika hapa ili na wazazi wenye kompyuta nyumbani au ofisini waifuate. Tikisa stendi taratibu kwa mkono: isicheze wala kulia. Pitisha kidole chini ya ubao: usikute uvimbe, unga, wala unyevu. Tazama penye kona na skurubu: michirizi ya kahawia ni kutu inayotoka mahali usipopaona. Weka rula ndefu juu ya ubao: mwanga ukipita chini yake katikati, ubao umeanza kupinda. Mwisho, tazama ukuta na dirisha: maji yanatoka wapi? Lile dirisha letu limewekewa kioo kipya, na stendi imesogezwa mbali nalo.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hayo twayasema tangu utotoni. Nami naongeza kwamba usipoutafuta ufa, utamlaumu mtu asiye na kosa. Wazazi wetu mlio mafundi wa mbao na wa chuma, daftari la ukaguzi liko wazi katika chumba cha kompyuta, na mwalimu amekubali mje siku ya wazazi mlitazame na mtuonyeshe tusiyoyaona. Nanyi wanafunzi wenzangu, kabla hamjaketi leo, pitisheni mkono chini ya ubao. Mkikuta unga, msinyamaze. Njoni mniambie, nami nitauandika.